Njia ya taa usiku kwenye boma la zamani: maswali mnayotuuliza kila siku kabla ya kuja

Habari zenu ndugu. Kila msimu ukikaribia simu zetu zinajaa maswali yale yale, na wala sio vibaya, mtu akiuliza ujue anataka kuja, ila sisi tuko tisa tu wa kujitolea na mchana karibu wote tuko makazini, kwahiyo nimeyakusanya hapa nikayajibu kwa kirefu pale panapohitaji urefu na kwa kifupi pale ambapo hamna la kuongeza. Soma kwanza. Ukikosa jibu lako piga tu, tutapokea.

Hivi hii njia ya taa ni kitu gani hasa? Ni tamasha? Ni disko?

Sio disko na jukwaa hamna. Ni matembezi ya miguu usiku, kama mita 600 hivi, ndani ya kiwanja cha boma la mawe la enzi ya Mjerumani, huku kwetu Dodoma. Unaingia getini, unafuata kamba nyeupe iliyolazwa chini, na kila baada ya hatua kadhaa unakuta kazi ya sanaa iliyotengenezwa kwa mwanga. Kuna vibuyu vilivyotobolewa matundu vimening'inizwa kwenye mgunga, kuna chupa za maji zilizopangwa ngazi ngazi zimewashiwa taa kwa chini, kuna dirisha moja la ghorofani ambalo mwanga wake unapanda taratibu mpaka unadhani kuna mtu amewasha taa ndani ya nyumba ambayo haina hata paa.

Yangu mimi ninayoipenda ni ya mabati. Fundi mmoja wa koroboi, mzee wa siku nyingi sokoni, alichukua mabati chakavu akayatoboa kwa msumari usiku na mchana karibu wiki nzima, tukaweka taa moja tu nyuma yake, na ukutani unaona vitone vya mwanga vimetapakaa kama mtama uliomwagwa kwenye ungo. Upepo ukipita bati linatikisika kidogo na mtama wote unapepetwa. Watoto wanakaa pale mpaka mzazi anawavuta.

Kwanini usiku? Si tungekuja mchana tukaona vizuri zaidi?

Hili ndo swali muhimu kuliko yote kwahiyo nivumilie.

Mchana pale unaona kidogo kuliko usiku. Jua la Dodoma saa sita liko juu ya kichwa, linamwagika kwenye ukuta wote sawasawa, na ukuta unaonekana bapa kama karatasi, unapita zako. Usiku sisi tunachukua taa moja ndogo tunailaza chini kabisa pembeni ya ukuta, mwanga unapita ukiuparuza ukuta kutoka upande mmoja, na hapo kila kibonde na kila kinundu kinatoa kivuli chake. Wataalamu wa mambo ya kale wanatumia njia hiyohiyo kusoma michoro na maandishi ya kwenye mawe ambayo macho ya kawaida yameshindwa kuyaona.

Sasa pale kona ya kaskazini, usawa wa kifua changu, kuna alama za vidole vinne kwenye lipu ya chokaa. Vimeburuzwa kutoka kushoto kwenda kulia, karibu urefu wa shubiri, na chini yake kidogo kuna shimo la dole gumba lilipokandamiza. Ni fundi alikuwa anasawazisha lipu ikiwa mbichi, labda mwiko ulikuwa kwa mwenzake akaona amalizie kwa mkono, na chokaa ikakauka vilevile. Kile kidole cha mwisho ni chembamba sana, mimi nadhani alikuwa kijana. Nimepita kwenye ule ukuta tangu nikiwa mtoto wa shule, nikiwa na ndoo, nikiwa na mbuzi wa babu, sikuwahi kuviona, nimekuja kuviona usiku wa kwanza tulipowasha taa ya majaribio na nikakaa chini pale pale.

Watu wakiliongelea boma wanasema alijenga Mjerumani. Mjerumani alisimamia. Aliyebeba mawe na kuchoma chokaa na kupiga lipu alikuwa mtu wa huku kwetu, jina lake halijaandikwa popote kwenye lile jengo, na vile vidole ndo sahihi yake. Ndo maana tunafanya usiku.

Naweza kuvigusa?

Hapana. Weka mkono wako hewani sambamba navyo, karibu wote wanafanya hivyo bila kuambiwa, lakini usiguse. Jasho na mafuta ya mkono vinaila chokaa, na mkono mmoja sio tatizo ila mikono 200 kwa usiku mmoja ni tatizo.

Hii kitu si ya wazungu? Mmeiga wapi?

Mawazo tumechukua kwa wengi na hatuoni aibu. Kule Lyon, Ufaransa, tarehe 8 Desemba 1852 watu wa mji waliweka mishumaa madirishani kumheshimu Bikira Maria, na mpaka leo kila Desemba mji wao unawaka taa, sasa hivi kwa mitambo mikubwa. Hukohuko Ufaransa 1952 kwenye kasri la Chambord ndo walianza yale maonyesho ya sauti na mwanga juu ya jengo la kale, na Misri wakaanza ya kwao pale kwenye piramidi za Giza 1961. London kuna bustani ya Kew, ni urithi wa dunia tangu 2003, wao njia yao ya taa ya msimu wa Krismasi walianza 2013. Na Australia, karibu na ule mwamba mwekundu wa Uluru, msanii Bruce Munro alitandaza taa 50,000 jangwani mwaka 2016. Nilipoona picha zake nikasema mbona hii ni kama Dodoma, vumbi jekundu, mawe, anga pana.

Lakini kukaa gizani kuzunguka mwanga mdogo na kusikilizana, hiyo hatujaletewa na mtu. Wengi wetu tumesomea kwenye koroboi. Bibi alikuwa anapunguza utambi wa chemli ili mafuta yafike mwisho wa mwezi na hadithi ndo inaanza hapo.

Mnafanya miezi gani na kwanini sio Desemba wakati watu wako likizo?

Julai na Agosti, Ijumaa na Jumamosi. Wenzetu wa Uingereza wanafanya Desemba kwasababu kwao kipindi hicho jua linazama kabla hata ya saa kumi jioni, giza wanalo la kutosha. Sisi jua letu halibadiliki sana, mwezi wa sita linazama kama saa kumi na mbili na nusu na Januari kwenye saa moja, kwahiyo giza sio hoja, hoja ni mvua. Kuanzia Desemba mpaka Aprili kiwanja kinakuwa tope, nyoka wanatembea, na kumbikumbi wakitoka wanavamia taa kiasi kwamba huoni kazi ya sanaa, unaona mabawa. Tulijaribu mwaka mmoja. Hatutarudia.

Halafu tunachagua wiki za giza, zile mwezi ukiwa haujaandama au ni mchanga. Mbalamwezi ni nzuri ila inaua taa zetu. Na usiku wa giza mwezi wa saba ukinyanyua kichwa unaona ule mkanda mweupe wa nyota umepita katikati ya anga, na kundi la nyota la Nge liko karibu utosini kabisa na mkia wake umejikunja. Hiyo ni bure, haimo kwenye tiketi.

Angalizo, tarehe zinazokaribiana na Nane Nane mji unajaa watu na nyumba za wageni Nzuguni na mjini zinakuwa shida kupata, ukitokea mkoani weka nafasi mapema.

Tuje saa ngapi?

Geti linafunguliwa saa moja na robo jioni. Kundi la kwanza linaondoka saa moja na nusu, halafu kila baada ya dakika 20 kundi lingine, watu wasiozidi 25. La mwisho ni saa tatu kasoro dakika kumi. Tafadhali usije saa kumi na moja ukasema unasubiria, hamna kivuli na sisi tunakuwa bado tunafukuzana na nyaya.

Kiingilio?

Mkubwa 5,000, mtoto wa shule 2,000, chini ya miaka sita bure, na wazee wa miaka 60 na kuendelea bure. Majirani wa kijiji kile wote bure siku zote, pale ni kwao.

Mbona hamsemi boma lenyewe liko wapi?

Tunakutumia lokesheni kwa meseji ukishalipia. Najua inawaudhi baadhi ya watu na samahani, ila tuna sababu. Mwanzoni tuliweka ramani hadharani, ndani ya mwezi mmoja watu wakawa wanakuja mchana wenyewe bila mtu wa kuwaongoza, na siku moja tukakuta mtu amechonga jina lake na la mpenzi wake kwa msumari kwenye lipu, hatua tatu tu kutoka kwenye vile vidole. Nililia kweli. Chokaa ya zamani ukiikwangua hairudi, na ukiziba na saruji unaharibu zaidi, maana chokaa inapumua, unyevu unaingia na kutoka, saruji inaufungia unyevu ndani na lipu ya jirani inaanza kubanduka yenyewe. Kwahiyo kwa sasa acha iwe hivi.

Usafiri je?

Kutoka katikati ya mji ni kama dakika 25 kwa gari, kipande cha mwisho ni vumbi. Bodaboda na bajaji zinafika ila usiku kurudi usitegemee kuipata pale njiani, patana na dereva akusubiri au arudi saa fulani, na umpe hela ya kurudia ukiwa umefika nyumbani, sio kabla. Waliotoka mbali na kushukia stendi kuu ya Nanenane, kuna Noah mbili za kikundi chetu zinazoondoka saa kumi na mbili jioni, sema mapema tukuhesabu. Magari binafsi yanaegeshwa nje ya ukuta na ukiingia zima taa kubwa za mbele haraka, maana taa za gari moja zinawaharibia watu 25 macho yao kwa nusu saa nzima.

Kwanini mnatukataza kuwasha tochi za simu? Tukianguka?

Jicho la binadamu likiingia gizani linahitaji dakika 20 mpaka 30 kuzoea vizuri. Ukiwasha tochi nyeupe mara moja tu unaanza upya, na sio wewe tu, na wenzako wote waliokuzunguka. Sasa kazi zetu nyingi zina mwanga mdogo kwa makusudi, asiyezoea giza anapita anasema mbona hapa hamna kitu.

Pale getini tunakupa tochi ndogo tuliyoifunga karatasi nyekundu. Mwanga mwekundu mdogo hauliamshi lile jicho la usiku, unaona mguu unapokanyaga na bado unaona nyota. Njia tumeifagia, mawe makubwa tumeyatoa, na mizizi miwili ambayo hatukuweza kuitoa tumeipaka chokaa nyeupe. Kuna kipande cha hatua 40 hivi ambacho hakina taa kabisa, tumekiacha hivyo, kamba ya kushika iko mkono wa kulia. Watu wengi wanaogopa pale mwanzoni halafu wakitoka ndo wanachokiongelea njia nzima.

Anayeogopa giza kweli kweli, na wapo watu wazima wanaoogopa, aseme getini. Mmoja wetu atatembea naye mkono kwa mkono. Hamna atakayecheka.

Kuna nge? Kuna nyoka? Nimesikia huko mawe mengi.

Nge wapo, hii ni Dodoma. Tunachofanya ni hivi, giza likishaingia, kabla geti halijafunguliwa, watu wawili wanapita njia yote na tochi ya zambarau, ile ya mionzi ya kukagulia noti bandia. Nge akimulikwa na mwanga ule anang'aa rangi kama ya kijani na bluu, mwili mzima, yani hajifichi, hata awe amejibana kwenye ufa unamuona. Tunamhamisha na koleo na kopo mpaka ng'ambo ya ukuta, hatumuui. Mara ya kwanza nilipomuona mmoja anawaka vile juu ya jiwe jeusi nilisahau kwamba natakiwa kumuogopa. Watoto wakiomba sana, mwisho wa matembezi tunawaonyesha mmoja kwa mbali.

Nyoka Julai kuna baridi wanatulia, hatujawahi kukutana nao njiani. Lakini vaa viatu vilivyofunika mguu. Ndala hapana, na hapa sibembelezi, mwenye ndala atakaa kwenye chai.

Baridi ikoje?

Watu wa Dar hii isomeni mara mbili. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na mwezi wa saba usiku upepo unakata. Sweta, shuka, kofia ya mtoto. Tulishawahi kumfunga dada mmoja wa watu na kitambaa cha meza.

Mwenye pumu, kifafa, au anayetumia kiti cha magurudumu?

Kifafa: hatuna taa hata moja inayowaka na kuzima haraka haraka, zote zinapanda na kushuka taratibu, hilo tumelizingatia tangu mwanzo kwasababu mdogo wake mwenzetu mmoja ana hiyo hali. Pumu: vumbi lipo, tunamwagia maji njia jioni ila upepo ukija linanyanyuka, njoo na dawa yako na barakoa. Kiti cha magurudumu: nusu ya kwanza mpaka kwenye ukuta wa vidole ardhi ni ngumu na inapitika, nusu ya pili kuna ngazi tano za mawe za zamani ambazo hatuwezi kuzigusa, tunachoweza ni watu wanne kukubeba na kiti chako, na tumeshafanya hivyo, sema tu kama uko tayari. Mama mjamzito njoo, viti viko kila kituo. Wasioona pia wamekuja, kuna mzee alishika kamba yetu mwanzo mwisho akisikiliza zeze na kunusa moshi wa ubani, akasema amefurahi kwamba kwa mara ya kwanza wote tuko sawa.

Zeze tena? Kuna muziki?

Upo kidogo, mwishoni, chini ya ukuta mrefu. Vijana wawili wanapiga zeze na ilimba, ile ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, hamna spika. Ugogoni muziki huu una heshima yake, marehemu Hukwe Zawose aliutoa hapa akaufikisha duniani kote, na hatutaki kuufunika kwa makelele. Taa moja iko nyuma ya mpigaji, kivuli cha zeze kinapanda ukuta mzima, upinde unaonekana mkubwa kama mti.

Mbona ule mbuyu mkubwa hamjauwashia taa? Ungependeza sana kwenye picha.

Ungependeza, kweli. Lakini kwenye uwazi wa shina lake wanaishi popo, na mbuyu na popo wanategemeana. Ua la mbuyu linachanua jua likizama, jeupe, kubwa kama mkono uliokunjuliwa, na halifiki mbali, kesho yake limeshaanguka. Popo wanaokula matunda wanakuja kunyonya utamu wake usiku huo huo na ndo wanabeba chavua. Popo akikimbizwa na taa anahama, na akihama sijui ubuyu wetu tutautoa wapi. Julai hauna maua wala majani lakini hao popo wenyewe wako nyumbani, ndo maana tumeweka tu duara la taa za miguuni, hafifu, mbali na shina. Wazee wa pale pia walituomba tusiuguse, na hilo peke yake lingetosha.

Kwanini msifanye kitu kama hiki kwenye michoro ya kale ya miambani ya Kolo kule Kondoa? Barabara siku hizi lami.

Tunaulizwa kila mwaka na jibu letu ni hapana, na ningeomba hata wewe ukisikia mtu ana wazo hilo umwambie hapana. Michoro ile iliingia urithi wa dunia mwaka 2006. Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey aliinakili mwaka 1951 kwa subira kubwa, na ukilinganisha na hali ya leo kuna mahali imefifia, kwa hali ya hewa lakini na kwa mikono yetu pia, watu walikuwa wanaimwagia maji ili rangi iwake vizuri kwenye picha. Mwamba ule haustahimili makundi ya watu usiku, mmoja anajikwaa, anaegemea, basi.

Na kuna fundisho kubwa la Lascaux, Ufaransa. Lile pango lenye michoro ya kale liligunduliwa 1940, likafunguliwa kwa watu 1948, na kufika 1963 likafungwa, kwasababu pumzi za watalii na taa zenyewe zilifanya mwani wa kijani uote juu ya michoro. Taa! Kitu hichihichi tunachokipenda.

Halafu Kolo ni mahali pa ibada mpaka leo, watu wanapanda kule kuomba mvua na kutafuta uponyaji. Mtu hawezi kwenda kutandaza nyaya kwenye mahali pa ibada ya mwenzake. Nenda Kolo mchana, na muongozaji wa pale pale, uone ile michoro myekundu kwa mwanga wa jua. Inatosha sana.

Umeme mnatoa wapi? Ukikatika?

Tunatumia sola. Paneli zinachaji betri mchana na jua la hapa halina ubahili. Taa zote ni za LED, nyingi za wati moja mpaka tatu, ukijumlisha njia nzima ni kama wati 200, pasi moja ya umeme inakula mara tano ya hapo. Mwaka wa kwanza tulikodi jenereta, ilikuwa inanguruma mpaka zeze halisikiki, na ilizima mara mbili.

Mwaka huohuo tulitumia pia mishumaa kwenye makopo. Upepo ukaangusha mmoja kwenye nyasi kavu. Tuliuzima kwa mchanga na mashuka ndani ya dakika moja lakini ile dakika sijaisahau, maana nyasi za mwezi wa nane ni petroli. Tangu siku hiyo hamna moto wa wazi ndani ya ukuta, hata sigara, hata mtu mwenye mshumaa wa kumbukumbu ya kuzaliwa.

Rangi za taa karibu zote ni za njano iliyoiva, kama ya chemli. Zinavutia wadudu wachache kuliko zile nyeupe za bluu bluu, na jiwe la huku linapendeza nazo zaidi.

Mnapigilia vipi taa ukutani bila kuharibu?

Hatupigilii. Hakuna msumari, hakuna gundi, hakuna tepu. Kila taa imekaa kwenye kigoda, kwenye mchanga, au imening'inia kwenye kamba iliyofungwa kwenye miti na nguzo zetu wenyewe. Tunakagua ukuta na picha kabla na baada ya kila msimu.

Picha?

Piga, ila bila flashi. Simu nyingi za sasa zina sehemu ya usiku, iweke hapo, egemeza simu kwenye kigoda au magotini, vuta pumzi, usitikisike kwa sekunde tatu. Picha ya taa zisizo na mtu inatoka vizuri, picha ya mtu inahitaji asimame pembeni ya mwanga, sio mbele yake. Punguza mwanga wa kioo cha simu. Droni hapana. Maharusi wanaotaka kupiga picha waongee nasi, tunawapa nusu saa kabla ya kundi la kwanza, ila shela ndefu ishikwe.

Chakula?

Chai ya tangawizi, karanga, mihogo ya kuchemsha, mahindi ya kuchoma, vyote nje ya geti kwa akina mama wa pale na hela ni yao. Agosti huwa kuna zabibu. Pombe hapana. Mifuko ya plastiki mnajua ilishapigwa marufuku tangu Juni 2019, njoo na kikapu au mfuko wa kitambaa.

Choo?

Viwili nje ya geti, safi, na ndoo ya maji. Ndani hamna, kwahiyo mpeleke mtoto kabla.

Kuswali?

Mkeka na maji ya udhu vipo karibu na geti. Ukiwa kundi la kwanza Isha inaweza kukukuta njiani, chukua la pili.

Mtoto mdogo ataogopa?

Wengine ndio. Mwanangu wa miaka minne aling'ang'ania shingo yangu mpaka kwenye mabati, akashuka, akaanza kukimbiza vile vitone vya mwanga kwa miguu. Wabebe mgongoni, mikokoteni ya watoto inakwama kwenye mchanga. Washikeni mkono kwenye ngazi.

Nikichelewa? Na mkiahirisha?

Ukichelewa unaingia kundi linalofuata kama nafasi ipo. Tunaahirisha kwa upepo mkali tu, meseji inatumwa kabla ya saa kumi na moja jioni, unachagua siku nyingine au unarudishiwa hela yako kwa simu kesho yake.

Hela zinaenda wapi?

Sehemu kubwa inaenda kwenye chokaa na fundi anayejua kuitumia, na mafundi hao wamebaki wachache, kwahiyo kila msimu tunamlipa mmoja afundishe vijana wawili wa kijijini. Iliyobaki ni betri, mlinzi wa usiku na chai. Hesabu zimebandikwa getini kwa kalamu nyeusi, zisome.

Nataka kusaidia, mnachukua watu?

Sana. Tunahitaji wa kushika geti, wa kubeba viti, mtu wa umeme mwenye subira, na wanaojua Kigogo vizuri wa kukaa na wazee tuandike wanayoyakumbuka kuhusu boma kabla hawajatutoka.

Naweza kubaki mpaka mnafunga?

Kundi la mwisho linaruhusiwa. Kama saa nne usiku tunaanza kuzima, taa moja moja, kutoka getini kwenda ndani, na anayetaka anapewa taa yake ya kuzima. Ya kwenye ukuta wa vidole inazimwa mwisho, na huwa tunampa aliye mdogo kuliko wote. Swichi iko chini upande wa kulia wa kigoda, ni nyeusi, inabonyezwa mara moja. Hakikisha bodaboda wako anajua utachelewa.